Wekundu wa Siku ya Kwanza

Ngaka, mchana

Mwanangu Imelda,

Marahaba. Nimeitanguliza kabla hujaniamkia, kwa sababu ukifika mwisho wa barua hii huenda usiwe na hamu ya kunipa shikamoo, na mimi sitakudai.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye tairi bovu nyuma ya banda la maturubai. Malori mawili yamechelewa kupakiwa, msimamizi amesema tupumzike mpaka tuitwe. Karatasi nimeomba kwa yule binti anayetupikia chai getini. Ukiona alama nyeusi pembeni ni vidole vyangu. Nimenawa mara mbili lakini makaa ya mawe hayasikii sabuni. Dereva mmoja, mtu wa Mbinga, anashuka jioni, ameahidi kumkabidhi barua kijana wa bodaboda anayelala Mpepai. Kwa hiyo mimi nikiwa na bahati utaisoma leo, maana kesho alfajiri unaondoka kwenda masomoni, na Morogoro si mahali pa kwenda na kurudi.

Mambo ya safari siyasemi. Kofia, miwani, mafuta ya ngozi, kukaa upande wa basi usiopigwa na jua, kutomwachia mtu begi, yote hayo mama yako ameshayasema na atayasema tena. Mimi nina jambo moja tu.

Kovu lililo kwenye bega lako la kushoto, lile linalopanda shingoni mpaka chini ya sikio, si la uji. Hakuna uji uliomwagika. Mama yako hajakuunguza. Nilikuunguza mimi, kwa jua, asubuhi tatu mfululizo, ukiwa na miezi mitano.

Nimeliandika. Nilidhani mkono utagoma, haukugoma. Kumbe kazi yote hii ya miaka ilikuwa ya mistari mitano.

Wiki mbili zilizopita nilikuja nyumbani siku mbili, unakumbuka. Ulikuwa unapanga vitu vyako sebuleni. Mama yako alileta kamba ya katani ili afunge kile kiroba cha maharage na unga, huku akikuambia habari za mikono mirefu, kama kawaida yake. Mimi nilikuwa mlangoni navua buti. Nikasikia unasema, "Mama, wewe ndiye wa kunifundisha kulinda ngozi?" Akaendelea kuinyoosha kamba. Ukasema tena, "Acha tu, nitafunga mwenyewe. Mkono ulionimwagia uji usinifungie mzigo."

Hukupaza sauti. Ungepaza, ningesema ni hasira za siku moja. Mama yako aliilaza kamba juu ya kiroba taratibu, akasema, "Haya, utafunga," akatoka kwenda kuchambua maharage ambayo alikwisha kuyachambua asubuhi. Na mimi nikaendelea kuvua buti. Buti moja, Imelda. Kwa muda ule mtu angevua kumi.

Nilimfuata nje. Nikamwambia, "Skola, nitamwambia."

Akasema bila kuinua kichwa, "Ulisema hivyo alipopata Komunio. Ukasema tena Kipaimara. Sasa anakwenda. Ukamwambie ukuta."

Kesho yake nikarudi huku. Tangu hapo nimekupigia simu mara tatu. Mara ya kwanza nikauliza kama mvua imenyesha. Mara ya pili nikauliza habari za mbuzi. Mara ya tatu wewe ndiye uliyeniuliza, "Baba, una shida gani?" nikasema mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Ningeweza pia kuomba ruhusa nije nikusindikize. Msimamizi si mtu mbaya, angenipa. Nilimwambia mama yako kwamba kazi imebana, na sasa unaona nimekaa kwenye tairi.

Nianze na miche, kwa sababu kosa langu lilianzia kwenye miche.

Nilipopanda kutoka Mbaha kuja Mpepai sikujua kahawa. Kwetu ziwani nilijua mihogo na usipa, wale dagaa wetu, basi. Shule niliacha darasa la tano. Nikapata kibarua kwenye kitalu cha kikundi, chini ya Mzee Kinunda, mtu aliyeweza kuchuchumaa nusu saa akitazama tuta moja bila kutoa neno. Wenzangu waliniita Mnyasa. "Mnyasa, mbegu ya kahawa haianikwi juu ya mchanga kama usipa." "Mnyasa, maji hayo si ya ziwani, usimwage yote." Nilizoea. Kazi ilikuwa kupanda mbegu, kufunika tuta kwa majani makavu, kumwagilia na kungoja. Kahawa haina haraka. Inakaa chini wiki sita, saba, na kwenye baridi ya juu hata zaidi. Ikianza kuchomoza unaondoa yale majani ya juu ya tuta, kinabaki kivuli cha paa la kitalu peke yake.

Mwaka mmoja kabla hujazaliwa mzee aliugua, akaniachia tuta la mwisho. Baridi ilikuwa kali. Mbegu zilipoanza kuinuka mimi niliongeza majani badala ya kuyaondoa, nikidhani nazifanyia wema. Mzee aliporudi akafunua. Miche ilikuwa mirefu, imepinda shingo, myeupe yenye umanjano, kama machipukizi ya viazi vilivyosahauliwa stoo. Nilijua kibarua kimekwisha.

Hakunifukuza. Alikaa pale, halafu akasema, "Haijafa. Inatafuta." Akanionyesha la kufanya: leo punguza majani kiganja kimoja, kesho kiganja kingine, usiifunue yote mara moja. Nikafanya hivyo. Na hapo nikaona kitu ambacho sijakisahau. Kabla ya kijani ulitangulia wekundu. Kwenye shina, upande ule uliotazama jua, ulitokea mstari mwembamba kama damu chini ya ukucha. Nikakimbia kumwita mzee, nikamwambia miche inaungua. Akaja, akachuchumaa, akasema, "Hapo ndipo rangi inapoanzia. Iache." Baada ya siku chache vile vijani viwili vya kwanza, ambavyo sisi tunaviita kipepeo, vikafunguka vikiwa kijani. Tuta zima likapona.

Kwa ajili ya tuta lile nilitembea kifua mbele miezi mingi. Mtu aliyeishia darasa la tano akipata kitu kimoja anachokijua, hukipeleka kila mahali.

Kisha ukazaliwa wewe. Mkunga alikukabidhi ndani ya kitenge, akasema, "Mzima, ana nguvu, ila ni mweupe." Bibi yako alipanda kutoka Mbaha na kapu la usipa, akakufunua uso, akasema, "Ana paji la baba yangu," akakufunika. Mama yako hakukuona tofauti, alikuona mtoto. Tatizo lilikuwa mimi. Sikukuchukia, na hilo niamini hata kama huniamini katika lingine. Nilikuona kama kazi iliyoharibika kidogo ambayo ninaweza kuitengeneza. Sijui lipi ni baya zaidi.

Pale kitaluni alikuwepo Kasto, hodari wa utani. Siku moja mama yako alipita na wewe mgongoni, Kasto akasema, "Mnyasa, hata mtoto umemwachia majani juu? Mfunue apate kijani." Watu wakacheka. Nilicheka pia. Yeye alitania tu, akasahau kabla ya jioni. Mimi sikusahau. Nililala na neno lile, nikaamka nalo.

Ilikuwa Julai. Julai ya Mpepai unaijua: asubuhi pumzi inatoka moshi, jua linawaka lakini halina joto, mtu anaweza kukaa nje mpaka mchana na sweta mwilini. Mama yako alikuwa anakwenda kuchuma kahawa kwenye shamba la babu yako ng'ambo ya bonde, akikuacha na mimi kitaluni mpaka arudi kukunyonyesha. Siku ya kwanza nilikulaza kwenye gunia katikati ya matuta, nikakuvua mpaka kiunoni, nikakuacha nusu saa. Si zaidi. Nilifuata utaratibu wa Mzee Kinunda, kidogo kidogo. Mwanga ulikuumiza macho, ukageukia ubavu wa kulia, ndiyo maana ni bega la kushoto. Jioni mama yako alipokuwa anapika nilikutazama karibu na moto. Bega lilikuwa na wekundu.

Imelda, nilifurahi. Hilo ndilo ninalotaka ulijue, kwa sababu ndilo lililonikaba miaka yote. Kuungua kwenyewe ningeweza kusema ni ujinga. Lakini niliona ngozi ya mwanangu inaungua nikafurahi, nikajiambia, hapo ndipo rangi inapoanzia.

Siku ya pili nilikuacha saa nzima. Ulilia, ukachoka, ukalala. Siku ya tatu nilikuacha tangu saa tatu mpaka nilipomsikia mama yako anakuja njiani anaimba. Nilikuwa namwagilia tuta la mwisho. Nilitaka akifika akukute umebadilika.

Aliacha kuimba. Ngozi ya bega lako ilikuwa imeinuka kama imewekewa maji chini yake. Alikuokota, akaniuliza, "Umemfanya nini?"

Nikamjibu, "Rangi ilikuwa inakuja."

Hakunipiga. Alilowesha khanga kwenye ndoo ya kumwagilia, akakufunika, akashika njia ya zahanati, mimi nyuma. Tulikwenda mwendo mrefu, wewe ukilia sauti moja nyembamba. Karibu na zahanati akasema bila kugeuka, "Kaka zangu wakijua watasema mgeni alitaka kumwondoa mtoto. Hawatakuuliza mara mbili. Wewe usifungue mdomo."

Ndani kulikuwa na foleni ya akina mama. Nesi alikufunua, akauliza imekuwaje. Mama yako akasema, "Uji. Nilimwagia uji."

"Uji wa moto kwa mtoto wa miezi mitano? Wewe mama una akili?"

"Uliniponyoka."

"Uliponyoka! Na wewe ungemponyoka mama yako ungekuwa hapa?"

Alimsema vile mbele ya foleni nzima, na mama yako akasimama akipokea kama mtu anayesomewa hukumu yake mwenyewe. Wale wanawake wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa mlangoni na kofia mkononi. Nesi aliliangalia bega, akamwangalia mama yako, kisha akaniangalia mimi, muda mrefu. Nadhani alijua. Uji hauunguzi kwa namna ile. Mwishoni alisema, kwa sauti ya chini sasa, "Mtoto huyu jua si rafiki yake. Maisha yake yote. Mmenisikia?" Alituambia wote wawili, lakini macho yalikuwa kwangu.

Kidonda kiliingia uchafu, kikakawia kupona. Kwa hiyo kovu likabaki, na maneno yakabaki. Kisimani walimwambia, "Skola, uji umepoa?" Alicheka nao. Akifika nyumbani alitua ndoo na kukaa. Ulishawahi kujiuliza kwa nini nyumbani kwetu hakupikwi uji? Kila nyumba Mpepai asubuhi wana uji, sisi tuna chai na magimbi. Ulipokuwa mdogo ulilia unataka uji kama wa kwa jirani, mama yako akakupeleka kwa jirani ukanywa huko. Tangu siku ile ya zahanati hajakoroga uji kwenye sufuria yake. Wewe ulidhani ni dhamiri inamsuta. Niliona unavyodhani, na nilikuacha udhani.

Kosa la pili ulilishuhudia mwenyewe, ila hukujua ni kosa. Baada ya jua nilikimbilia giza. Neno ualbino nilikuja kulijua baadaye, na baadaye tena zikaja zile habari mbaya za redioni, watu wenye hali yako wanawindwa kama si watu. Hofu ile ilikuwa ya kweli. Lakini mimi niliipokea kama mtu aliyekuwa anaingojea. Nikaziba dirisha la chumba chako kwa mbao. Nikakataza usitoke bila mimi, na mimi nilikuwa kazini. Wenzako walianza shule, wewe ukabaki. Mwaka wa kwanza, wa pili, ukafika miaka tisa. Ulikuwa mrefu, mwembamba, ukisimama nyuma ya mlango unachungulia kwenye ufa. Siku moja nimerudi nikakuona hivyo, shingo imepinda kuelekea ule mstari wa mwanga, nikakumbuka tuta la Mzee Kinunda. Nilikuwa nimefanya kosa lile lile, safari hii kwa mtu. Na bado sikung'oa mbao.

Aliyezing'oa ni mama yako. Alichukua panga mchana, mimi sipo. Akakushonea kofia ya kwanza, ile yenye ukingo mpana uliyoiita sahani. Mwanzo alikutoa jioni, mpaka kwenye migomba na kurudi. Kisha asubuhi na mapema. Kisha akakupeleka shuleni akaongea na mwalimu ukae mbele mbali na dirisha, akakaa chini ya mti wa ua wa shule wiki nzima akisuka mkeka mpaka alipoona umezoea. Mimi ndiye niliyefundishwa kupunguza majani kiganja kwa kiganja. Yeye hakufundishwa na mtu.

Sasa nikukumbushe ile siku ya makopo. Ulikuwa kidato cha pili. Ulipanda mahindi kwenye makopo mawili, moja ukaliweka dirishani, jingine ukalifunikia debe. Nilikuwa nyumbani, nimeumia mgongo. Wiki ikaisha ukainua debe, na yale mahindi yalikuwa vile vile: meupe, marefu, yamelegea. Ukayaweka kwenye mwanga. Kesho yake jioni yalikuwa yameanza kijani, ukaniita.

"Baba, unajua kwa nini?"

"Jua limeyapa rangi."

"Hapana. Jua halina rangi ya kugawa. Rangi yanatengeneza yenyewe, ndani. Mwanga unabisha hodi tu. Kuna kitu ndani ya mche kinachousikia, ndicho kinachoamsha wengine: haya, kumekucha, anzeni kazi."

"Na usipobisha?"

"Yanakula akiba ya mbegu. Nguvu yote yanaipeleka kwenye urefu, yatoke gizani. Akiba ikiisha kabla hayajatoka, basi."

Nikakuuliza habari ya ule wekundu wa kwenye shina. Ukashangaa kwamba niliujua. Ukasema hiyo nayo ni rangi, mche unajitengenezea ukiona mwanga, na mwalimu amewaambia inaukinga na jua kali mpaka majani yakomae. "Ni kama nguo, baba. Unavaa kwanza ndipo unakwenda shamba." Nilikaa na neno hilo. Mzee Kinunda alikuwa sawa kuhusu miche. Miche ilikuwa inavaa. Wewe ulikuwa unavuliwa.

Halafu ukanionyesha mche mmoja kwenye kopo la dirishani, kati ya wenzake wa kijani, mweupe pe kama karatasi.

"Na huyu? Huyu hakufunikwa."

"Huyu ni kama mimi," ukasema. "Hodi anaisikia vizuri. Ila ndani vifaa havikutimia, tangu mbegu. Umweke juani mwaka mzima, hapati kitu. Ataungua tu."

"Atakufa?"

"Yeye atakufa, maana mahindi yanakula kwa rangi. Mimi nakula ugali."

Ukacheka. Mama yako naye akacheka, kule jikoni. Mimi nilisema nakwenda kuwaangalia mbuzi, nikasimama nyuma ya zizi nimeshika mti. Ulikuwa umenieleza kwa dakika tano, bila kujua, kitu nilichokufanyia na kwa nini hakikuweza kufaa kitu. Ile ndiyo ilikuwa siku ya kukuambia. Ulikuwa umekaa na makopo yako, umefurahi, ungeniuliza maswali na ningeyajibu. Niliporudi ndani nilisema mbuzi mmoja anachechemea.

Nimekuwa mtu wa mbuzi na mvua katika maisha yako, Imelda. Likija jambo, mimi nina mbuzi.

Mwaka uliofuata nikaja huku kwenye makaa. Nilikuambia kitalu hakina kazi tena, na ni kweli hakikuwa nayo nyingi. Lakini nilikuwa naweza kubaki. Huku hakuna anayejua chochote. Kutwa nzima nafunika. Lori likipakiwa napanda juu, navuta turubai, nafunga pembe zote, lije jingine. Vumbi halichagui mtu, jioni sote tunafanana. Nilipokuja mara ya kwanza bila kuoga vizuri ulisimama mlangoni ukasema, "Baba, hiyo rangi iliyozidi si unipunguzie kidogo." Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililichukua neno hilo nikarudi nalo Ngaka, na lipo hapa nilipokaa.

Sikuombi unisamehe. Kuomba msamaha kwa barua, halafu mtu anapanda basi na kwenda mbali, ni kumbebesha mzigo mwingine. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, kwa muda utakaotaka. Mgongo umezoea. Ila kuna deni moja umelidai miaka yote kwa mtu asiyehusika. Umemnyima mama yako mkono wako tangu ulipopata akili ya kuuliza kovu hili limetoka wapi. Alikuacha uchague kumchukia yeye, kwa sababu aliona mtoto akikosa baba na kubaki kwa wajomba atakuwa amekosa kingi. Alinikinga mimi kama ule mche unavyojikinga, na aliungua badala yangu miaka ishirini.

Nilimuuliza zamani kwa nini hakuwa amekuambia yeye. Akasema, "Nikimwambia mimi atasema najitetea. Ukimwambia wewe atajua." Kwa hiyo sasa unajua.

Kama barua hii itakukuta umekwisha kuondoka, sina la kufanya. Nilikuwa na siku nyingi kuliko dereva huyu. Itakuwa nimekuchelewesha tena, kama nilivyokuchelewesha shule.

Huko unakokwenda umesema utakuwa ndani zaidi, kwenye maabara ya mbegu. Nimefurahi na nimeogopa. Utaifunua miche wewe mwenyewe sasa, na utajua unachokiona kwenye shina ni nini. Mimi nilikijua nusu. Kitu ukikijua nusu kinakupa ujasiri wa kukijua chote, na hapo ndipo nilipokulaza kwenye gunia.

Wananiita. Lori la kwanza limejaa, na ndilo la huyu mtu wa Mbinga. Napanda kulifunga mimi mwenyewe, kisha nampa barua. Fundo ninalotumia ni la mama yako. Alinifundisha mwaka wetu wa kwanza, tukifunga magunia ya kahawa ya babu yako: kamba inavuka mara mbili, inarudi chini ya yenyewe, unavuta. Wenzangu hapa wameniiga, maana turubai haliachii hata kwenye mteremko wa Mbinga. Nimejaribu kukuchorea hapa pembeni, nimeshindwa, nimefuta. Fundo hilo halielezeki kwa karatasi. Linataka ulitazame mikononi mwake.

Kiroba chako nadhani bado kipo sebuleni, na kamba iko juu yake alipoilaza. Usikifunge. Mwite.

Ni mimi baba yako.